Siku tatu na sakado (mufuko wa mugongoni) kando ya Kivu wakati wa mvua: namna ya kujipanga ukitokea Goma

Mwezi wa kumi ukiingia tu, barafiki banaanza kuniuliza kama mutu anaweza bado kwenda kutembea Congo Nile Trail ama angoje paka mwezi wa sita mvua ipite. Miye najibu ndiyo unaweza, na tena kwangu njo wakati mzuri, vilima ni kijani, vumbi hakuna, ziwa inabadilika rangi kila saa, lakini lazima ujipange tofauti na mutu wa kiangazi. Hapa naandika vile tunafanyaka siye ba Goma, kwa siku tatu na usiku mbili, mana siku kumi ya njia yote mutu wa kazi atazitoa wapi.

Kwa wale hawajue bado: njia yenyewe iko upande wa Rwanda, inaanzia Rubavu, kule Gisenyi tunaonaka kila siku kutoka kwetu, inafuata ziwa Kivu kupita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke paka Rusizi ngʼambo ya Bukavu. Kilomita 227. Kwa miguu batu banaweka siku kumi, kwa kinga (baiskeli) tano. Ba Bukavu munaweza kuanzia chini, muvuke Ruzizi mupande kuelekea Nyamasheke, kujipanga ni kule kule.

Batu ba Ulaya banasema winter, beko na theluji, siye baridi yetu njo mvua. Ziwa iko kwenye mita 1.460, usiku inashuka kwenye digri 14 hivi, na digri 14 ukiwa mukavu si kitu, unajifunika kitenge unalala. Lakini ukiwa umelowa tangu saa nane ya muchana, upepo wa ziwa unakupiga, na nguo ya kubadilisha nayo imelowa ndani ya sakado, pale utajua baridi ni nini. Mara yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi na moja, miye na yaya yangu (ndugu yangu mukubwa) na jirani mumoja, tulivaa jinzi, na vitu yetu yote tulifunga kwenye sachet za plastiki kama vile tunafanyaka kwetu. Rwanda sachet za plastiki ni marufuku tangu 2008, basi tuliziacha kwenye bariyeri (kituo cha mpaka), na ile siku mvua ilitukuta saa saba ikatuacha saa kumi na moja. Usiku wote tulikaa tumezunguka mbabula (jiko la makaa) ya mama mumoja aliyetuhurumia, blanketi zinatoa maji, yaya anatetemeka mpaka hawezi kushika kikombe. Tangu siku ile sipangi tena safari kwa kilomita. Napanga kwa mvua na kwa fasi ya kulala, kilomita zinafuata nyuma.

Tuanze na wakati. Mvua kubwa ni mwezi wa tatu paka wa tano, ile ingine ni wa tisa paka wa kumi na mbili. Miye nakubali mwezi wa kumi na wa kumi na moja, lakini wa ine na wa tano nakataa, hata kama una hamu namna gani. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 mwezi wa tano 2023 mvua iliua batu zaidi ya 130 kule Rwanda, na fasi iliumia sana ni hizi hizi wilaya tunapita, Rubavu, Rutsiro, Karongi, vilima viliporomoka juu ya manyumba batu bakiwa balala. Siku ile ingine, tarehe 4, upande wetu wa Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilibebwa na maji na mawe, batu zaidi ya 400 balikufa. Ni ziwa moja, ni vilima vya aina moja. Kwa hiyo hata mwezi wa kumi na moja, kama imenyesha siku mbili mufululizo bila kuacha, ahirisha, ngoja udongo ukauke kidogo, njia haitaenda popote.

Angalia pia kalenda: jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, asubuhi batu beko kwenye kazi ya pamoja, maduka yamefungwa na usafiri unasimama paka karibu saa sita. Usipange siku ile ndiyo uwe unatafuta moto (pikipiki) ya kukushusha.

Sasa siku zenyewe. Siku ya kwanza vuka bariyeri mapema, kiisha kamata moto paka Nyamyumba, kule kwenye brasserie (kiwanda cha bia) na chemchemi ya maji ya moto. Kuna batu banataka kutembea kila hatua tangu Gisenyi, ni haki yao, lakini ile ni gudroni (barabara ya lami) na magari, na ile saa moja utakayookoa ni saa moja ya kufika kabla ya mvua. Kutoka pale unaelekea Cyimbili, njia inaingia bahari ya migomba na kawa (kahawa), inapanda, inashuka kwenye kabonde, inapanda tena. Weka masaa sita paka saba. Siku ya pili Cyimbili paka Kinunu, hii ni fupi zaidi na kwangu njo tamu kuliko yote, unaona visiwa, unaona mitumbwi ya wavuvi imefungwa tatu tatu, na Kinunu kuna fasi wanaosha kawa. Siku ya tatu haufanyi bidii: unapanda paka kwenye gudroni, ile barabara ya Rubavu–Karongi inapita juu ya vilima, unakamata bisi ya kurudi Rubavu. Mwenye nguvu na siku ya ine aendelee Musasa paka Karongi.

Ile gudroni juu ya kilima njo roho ya mpango wote. Kila asubuhi kabla ya kuanza uliza wenyeji: kutoka hapa na kutoka kijiji kinachofuata, moto inapandia wapi kwenda kwenye gudroni? Andika jibu. Mguu ukiumia ama mvua ikigoma kuacha, hautaanza kutafuta njia ukiwa umelowa na giza inaingia, na giza kwetu inaingia saa kumi na mbili, haingoji.

Saa ya kuondoka ni kumi na mbili asubuhi, si saa mbili kiisha chai. Mvua kwa kawaida inakuja muchana, kwa hiyo unataka saa saba uwe umefika, umeanika viatu, umeshika kikombe. Kwenye udongo wa mvua hesabu kilomita tatu kwa saa, usijidanganye na mwendo wa Goma kwenye mawe ya volkano, kule ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni.

Radi. Naomba musome hapa polepole juu radi ya huku si ya kuchezea, na Rutsiro inaua batu karibu kila mwaka. Ukiona mwanga anza kuhesabu, sekunde tatu ni kilomita moja. Kama haufiki thelathini kabla ya kusikia ngurumo, ingia kwenye nyumba ya kweli, nyumba ya mutu yeyote, piga hodi, hakuna atakukatalia. Si chini ya muti uliosimama peke yake, si kwenye kibanda cha majani katikati ya shamba, na toka karibu na maji. Ngoja nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Kama hakuna nyumba, shuka kutoka mugongo wa kilima, muachane hatua nyingi kila mutu peke yake, chuchumaa miguu pamoja.

Kwa mizigo, hema usibebe. Najua kuna watakaobisha, lakini kwa usiku mbili, Cyimbili na Kinunu kuna nyumba za wageni, hema iliyolowa ni kilo mbili tatu za bure, na tena kule kila kipande cha shamba kiko na mwenyewe, haupati fasi ya kusimamisha bila kukanyaga maharagi ya mutu. Piga simu mbele, hakikisha kitanda, kiisha piga tena siku moja kabla. Sakado kilo nane inatosha.

Kukinga vitu na maji: tafuta mufuko wa kuvingirisha mudomo, ule wa kuingia nao kwenye mutumbwi, ama kata kipande cha shitingi (turubai) uvikunje ndani kama muzigo wa ndizi. Ndani yake weka vitu ya usiku tu: triko, pantalo kavu, soksi kavu, blanketi nyepesi. Hivi havitoki muchana hata kama umelowa namna gani. Muchana unatembea na nguo yako iliyolowa, mwili ukifanya kazi utapata moto. Ukivaa zile kavu saa sita, usiku hauna kitu. Jinzi iache nyumbani, inakunywa maji na haikauki, soko ya Virunga kwenye friperi (mitumba) utapata pantalo za nailoni za michezo na triko za sufu kwa bei ndogo. Kitenge kimoja kwa kila mutu, ni taulo, ni shuka, ni kufunga mukono ulioumia.

Viatu: bote za mvua ni nzuri kwenye matope, lakini ukishuka kilima masaa mawili zitakutoa malengelenge. Miye napendelea basketi (raba) ya zamani yenye meno chini, iliyoshazoea mguu, na sandali za jioni. Na fimbo. Hata kijana wa miaka ishirini akate fimbo.

Chakula kwenye njia hakikosekani, lakini mvua inafunga batu ndani na jumapili asubuhi batu beko kanisani, kwa hiyo beba chakula ya siku moja ya ziada. Fromaji (jibini) ya Masisi haina mushindani, inakaa siku tatu bila friji, inashibisha, kata nene na mukate. Ongeza karanga, ndizi, sukari kidogo. Jioni uliza sambaza (samaki wadogo), zinatoka ziwani pale pale, na chai ya moto kabla ya kitu chochote, kabla hata ya kuvua viatu. Maji ya ziwa na ya mito usikunywe hivi hivi, siye ba Goma tunajua kolera ni nini, chemsha ama weka klorini.

Makaratasi: ile jeton ya kuvuka na kurudi siku ile ile haitoshi, unaenda kulala mbali, kwa hiyo paspoti ama laissez-passer ya CEPGL (karatasi ya kusafiria ya jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi), na ulizia bariyeri juzi yake saa ya kufungua na kufunga, mana hubadilika. Dola na faranga yetu vijijini havitembei, badilisha Gisenyi, noti ndogo ndogo. Nunua laini ya Rwanda, shusha ramani kwenye simu kabla ya kuvuka, mana kwenye mabonde mtandao unapotea, na andika kwenye karatasi 112 ya polisi na 912 ya ambilansi. Kiswahili kinakufikisha mbali, karibu na Rubavu batu wengi banakisema, lakini anza na mwaramutse (habari ya asubuhi) na maliza na murakoze (asante), ni heshima kwa mwenye nyumba. Na mutu mumoja Goma awe na orodha ya fasi utalala kila usiku, na saa ya kumupigia.

Siku ya kurudi hesabu nyuma kutoka saa ya bariyeri kufunga: bisi, moto ya kupanda kwenye gudroni, na saa mbili za ziada kwa mvua. Ukifika nyumbani fungua sakado usiku ule ule, anika shitingi, jaza viatu na magazeti ya zamani, na blanketi upeleke kwenye jua asubuhi hata kama ukiigusa inaonekana kavu.