SOMO: Kugeuza kasha kuukuu la kompyuta kuwa mashine ya sinema sebuleni

Swali la namna ya kulifanya hili nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, hata kwenye foleni ya feri Likoni, hapa Mombasa. Sasa naliandika. Atakayeuliza tena nitamtumia hili na kunyamaza.

Hatua ya 1: Kasha. Tafuta la kulala, lipatane na meza ya tivi, na liwe la ATX (kipimo cha makasha na bodi). Kipimo hicho kilitoka 1995, kwa hivyo hata kasha la enzi hizo hupokea mazabodi ya leo, yaani bodi kuu ya kompyuta. Jihadhari na baadhi ya makasha ya ofisi ya katikati ya miaka ya 2000 yaliyofuata kipimo cha BTX: mpangilio wake umegeuzwa na bodi ya kawaida haikai. Nenda na bodi yako dukani uipime kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 2: Vua kila kitu. Piga brashi.

Hatua ya 3: Pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme) iliyokuja na kasha, achana nayo, nunua mpya. Wala usiifungue kuchungulia, kapasita zake hushika chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Hatua ya 4: Kutoboa tundu la feni. Hapa ndipo watu wanapoua mashine, basi soma polepole. Makasha ya zamani yana nafasi ya feni ya milimita 80, ambayo lazima izunguke kwa kasi ndipo isukume hewa ya kutosha, na kelele yake utaisikia kila waigizaji wakinong'ona. Weka ya milimita 120. Bandika selotepu ya karatasi juu ya bati na uchore hapo: matundu ya skrubu yanaachana milimita 105. Anza na drili, kisha msumeno wa umeme wenye meno madogo ya chuma. Grinda hukata haraka lakini cheche zake huunguza rangi na kujishindilia kila pembe. Vaa miwani.

KASHA LIWE TUPU. Si bodi ndani, si waya, si “nimefunika na gazeti”. Chembe ya chuma ndogo kuliko punje ya mchele ikilala kati ya pini mbili, umeme unapita njia ya mkato na bodi imekwenda. Ukimaliza, pitisha tupa kwenye ukingo, kisha msasa. Tia sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe kila mkunjo wa bati. Utaona unga mweusi umesimama kama manyoya. Geuza mfuko, tupa, rudia mpaka itoke safi. Osha kasha kwa sabuni na maji baridi, lianike likauke kabisa. Halafu siku hiyo hiyo paka praima ule ukingo uliokatwa. Wa Nairobi wanaweza kungoja wikendi. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, bati tupu haichelewi kushika kutu, na kutu nayo hupukutika ndani.

Hatua ya 5: Funga vile vijiti vya shaba vya kuinua bodi isiguse bati, mahali penye tundu la bodi tu. Kimoja cha ziada chini ya bodi chatosha kuiunguza.

Hatua ya 6: Feni ivute hewa ndani kupitia kichujio. Usiisukumie mashine kwenye kabati ya kioo iliyofungwa, hasa msimu wa kaskazi.

Hatua ya 7: Andika LibreELEC (mfumo mwepesi wa mashine ya sinema) kwenye flashi, washia mashine hapo, uisakinishe, kisha Kodi (programu ya kuchezea filamu) itafunguka yenyewe.

MASWALI

Wa Majengo: Nikikata pole pole na bodi imo ndani, je?
— Hatua ya 4. Herufi kubwa.

Wa Kisauni: Jumla bei gani?
— Hujasema una nini wala wataka nini. Rudi na orodha.

Wa Changamwe: Nina kompyuta ya Core i5 ya kizazi cha nne. Itacheza 4K?
— Video za HEVC za biti 10 (mbano wa filamu nyingi za 4K) zitaisulubu, kwa sababu chipu ya picha haizisomi yenyewe. Anzia kizazi cha saba. Kwa 1080p ya kawaida hiyo yako ni tele, usitupe hela.

Wa Bamburi: Nakaa karibu na ufuo. Nikiweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani, vitasaidia?
— Swali zuri, ahsante. Kwenye kasha lenye feni havisaidii, hewa mpya inaingia kila dakika. Chumvi ikitua kwenye bodi huvuta unyevu, na huo ndio unaokula shaba. Mashine inayowaka ina joto kuliko hewa ya chumba, kwa hivyo unyevu hautulii. Inayolala wiki nzima ndiyo huoza. Iwashe kila siku japo kwa muda. Kichujio chaweza kuwa soksi nyepesi ya kike iliyovutwa juu ya feni. Ifue kwa maji yasiyo na chumvi.

Wa Changamwe tena: Shukran. Na kibodi yangu isiyo na waya hukatika-katika nikiwa kwenye kochi.
— Kipokezi chake umekichomeka kando ya flashi ya USB 3, sivyo? USB 3 hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz. Kitoe mbele ya kasha kwa kebo fupi ya nyongeza.

Wa Majengo: Nimekata. Haiwaki.
— Bodi ilikuwa ndani?
Wa Majengo: Nilifunika.