Maswali ya kumuuliza mama aliyeko Newala, na la kujiuliza wewe uliye ughaibuni

Ukimpigia mama simu wakati wa msimu wa korosho, atakujibu kwamba ni mzima, kazi tu zimemzidi, hata kama usiku wa jana amefua vitambaa vyenye damu na kuvianika nyuma ya banda ili wajukuu wasivione. Salamu peke yake haifichui ugonjwa, kwa hiyo inafaa ujue la kuuliza kuhusu dalili za saratani za wanawake.

Swali la kwanza ni kama anatokwa na damu ilhali hedhi ilikwisha koma. Wapo wanaotania kwamba ujana umerudi, lakini damu hiyo si hedhi, na ingawa mara nyingi chanzo chake si saratani, hakuna awezaye kulijua hilo bila vipimo. Kwa wadogo zako wanaoendelea kupata hedhi, uliza kuhusu damu baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi, na majimaji yenye harufu mbaya yasiyokoma hata baada ya dawa. Hizo huweza kuwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Maumivu makali ya kiuno na mguu kuvimba kwa kawaida huja ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Kwa titi, kosa la kawaida ni kudhani kwamba uvimbe usiouma hauna neno. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi. Ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuzama, au tezi kwapani humpeleka mtu hospitali wiki hiyohiyo.

Mambo haya si rahisi mtoto kumtamkia mzazi, hasa mtoto wa kiume. Mwombe mama mdogo, au somo yake aliyemfunda, amuulize faraghani kisha amsindikize hospitali ya Ligula au ya Ndanda, mkoani Mtwara. Hapo pana jambo ambalo wengi hulichanganya: kupakwa asidi ya siki na kutazamwa mlango wa kizazi ni uchunguzi wa wanawake wasio na dalili, hasa wa miaka 30 hadi 50, lakini anayetokwa na damu anahitaji daktari, na pengine kukatwa kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Ikibidi mionzi, safari ni ya Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na tiba yenyewe huchukua wiki kadhaa, siku tano kwa wiki. Usitume nauli peke yake. Hesabu pia malazi na chakula cha watu wawili.

Nawe je? Uingereza huwaita wanawake wa miaka 25 hadi 64 kupimwa mlango wa kizazi, na wito huo huweza kuja kwa barua nyumbani. Kama umehama, mjulishe daktari wako anwani mpya.