Jinsi ya Kuwachunguza Tumbusi Adimu Katika Ranchi za Laikipia

Anza kwa meneja wa ranchi. Ardhi hiyo ina wenyewe, tembo na nyati hawakosi, na mchungaji aliyeuona mzoga alfajiri atakupunguzia mzunguko mrefu kuliko darubini yoyote. Usikimbilie kutoka mapema mno, kwani tumbusi hungoja ardhi ipate joto ili hewa inayopanda imwinue, na kabla ya saa tatu asubuhi wengi huwa bado wametua juu ya migunga.

Ukiufikia mzoga, egesha gari mbali, zima injini na ubaki ndani. Ngusha, mmoja wa tumbusi hao, hakusumbui: kichwa chake ni kitupu chenye wekundu na mikunjo ya ngozi, mdomo wake ni mnene, na wenzake humpisha. Kazi iko kwa tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell, ambao wote wawili waliorodheshwa mwaka 2015 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Rüppell aliyekomaa ana mdomo wa rangi hafifu, jicho la manjano na manyoya yenye kingo nyeupe mithili ya magamba. Mwenzake ana mdomo mweusi na jicho jeusi, na anaporuka, sehemu ya mbele chini ya bawa huonekana nyeupe. Hata hivyo, Rüppell mchanga naye ana mdomo mweusi, kwa hiyo usiamue kwa mdomo peke yake. Ukishindwa, andika kwamba hakutambulika, maana rekodi ya kubahatisha ni mbaya kuliko kutokuwa na rekodi.

Andika saa, mahali, idadi, umri, na kama gole (mfuko wa chakula kooni) limefura, ishara kwamba ndege ameshakula. Akiwa na kibandiko bawani, nakili rangi na namba. Viota usivikaribie, wala usitangaze vilipo.

Ukikuta ndege waliokufa kando ya mzoga, hasa pakiwa na nzi waliokufa pia, shuku sumu, kwa kuwa baadhi ya wafugaji waliopoteza ng'ombe kwa simba au fisi hutia karbofurani, dawa kali ya kuua wadudu, kwenye nyama. Usiguse chochote. Piga picha kwa mbali, kisha mwarifu meneja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) papo hapo, kwani tumbusi huchungana angani, na mmoja akishuka wengine humfuata, hivyo mzoga huo ukiachwa hadi jioni utaua wengi zaidi.