Breki zinalia? Usikimbilie kununua pedi

Nina Corolla 110, gari ya zamani, imepita mikono mitatu kabla haijafika kwangu, na kuna kipindi tairi la mbele kulia lilikuwa linapiga filimbi mpaka nikikanyaga breki kwenye foleni ya Mwenge watu kwenye bajaji wanageuka. Nikapeleka gereji, fundi kabadilisha pedi (vile vipande vinavyobana disiki, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi), siku nne kelele ile ile. Nikarudi, kanifungia nyingine akasema hizi sasa ndo orijino, haikupita wiki filimbi imerudi. Mara ya tatu nikasema ngoja nifungue mwenyewe. Pedi nzima kabisa! Ila vile vibati vyembamba vinavyokaa nyuma ya pedi havipo, nadhani vilitupwa siku ya kwanza maana vilikuwa na kutu, na pini moja ya kalipa (kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana) imeganda haiendi mbele wala nyuma. Grisi ya hela ndogo tu ikamaliza kesi iliyonila seti mbili za pedi.

Kabla hujafungua kitu sikiliza kwanza, maana mlio wenyewe unakwambia mengi. Kama inalia asubuhi tu ukitoka nyumbani, mara mbili tatu halafu inanyamaza, hiyo ni kutu ya usiku juu ya disiki, sisi wa Dar na Tanga na Mombasa na hii hewa ya chumvi ni kawaida, achana nayo. Kama inapiga filimbi gari ikitembea tu bila kukanyaga, afu ukikanyaga inakata, mara nyingi ni kile kibati cha kuonya kwenye pedi kimeanza kugusa disiki, maana yake pedi inaelekea kuisha (pedi nyingi za bei chee hazina hicho kibati kwahiyo usikae unasubiri uonywe). Kama inalia ukikanyaga taratibu ila ukikanyaga kwa nguvu inapotea, hapo ndo kwenye vibati, pini, na pedi zilizofanya kioo. Na kama sio filimbi bali ni kusaga, krrrr, unaisikia mpaka mguuni, hiyo ni chuma kwa chuma, paki gari, usiseme nitafika kwanza nyumbani.

Kujua ni tairi lipi, shusha vioo upite taratibu kando ya ukuta mrefu, sauti inagonga ukuta inakurudia, afu geuza upite upande wa pili. Njia nyingine, endesha kidogo bila kutumia sana breki kisha sogeza mkono karibu na ringi bila kugusa, lile lenye joto kuliko mwenzake kalipa yake inabana.

Haya, kufungua. Sehemu tambarare, gia ndani, hendibreki juu, mawe nyuma ya matairi ya nyuma, legeza nati kidogo gari ikiwa bado chini (nyingi za Toyota ni namba 21) ndo upige jeki. Na jeki peke yake sio ya kuiamini, weka stendi, halafu lile tairi ulilotoa lisukumie chini ya bodi. Tofali usiweke, linapasuka ghafla bila kukuaga. Bolti za kalipa kwenye gari hizi mara nyingi ni spana ya 14, ukiitoa ifunge na waya kwenye springi, usiiache ining'inie na mpira wake wa mafuta ya breki.

Angalia unene wa pedi. Mpya zina kama milimita 10 hivi, zikifika 3 badilisha tu usibishane. Ila linganisha pia ya ndani na ya nje, hapa ndo wengi wanapita haraka. Zikiwa zimeliwa sawa, vizuri. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, au moja imeliwa mshazari, basi pini imeganda au pistoni, ile inayosukuma pedi, hairudi, na hata ukinunua seti ya dhahabu itaisha vile vile. Disiki nayo ipitishie kidole ikiwa imepoa, kama ina mifereji au madoa ya bluu ya joto hiyo iliungua. Unaweza kupeleka ikachongwe, lakini unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umeandikwa kwenye disiki yenyewe, ikishafika hapo ni kununua.

Sasa usafi. Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kompresa, pedi za zamani zilikuwa na asibesto na hujui za kwako zilitengenezwa lini, tumia maji ya sabuni na brashi. Pini zichomoe, futa grisi ya zamani yote, kama ina kutu sugua, angalia na vile vimpira vyake kama havijachanika. Wakati mwingine moja ina kimpira mwishoni na nyingine haina, kila moja irudi tundu lake. Paka grisi ya breki ya silikoni. Sio ile ya beringi! Ile inavimbisha vimpira, pini zinaganda upya. Grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto paka nyembamba nyuma ya pedi pale pistoni inaposukuma na kwenye masikio yake, uso wa pedi usiguse hata tone. Vibati virudi vyote, na kama vyako vilishatupwa ulizia pale Gerezani Kariakoo, vinauzwa kama seti.

Pedi inayong'aa kama kioo, labda ulishuka mlima Kitonga na breki badala ya gia, isugue juu ya msasa mgumu uliolazwa sakafuni mpaka mng'ao uondoke, kingo zake piga tupa kidogo ziwe mshazari. Kuna mafundi wanachana pedi kwa msumeno, wengine wanamwagia maji disiki ikiwa ya moto, wengine wanapulizia oili. Huyo wa oili mkimbie kabisa, kelele itaisha kweli, na breki pia.

Kama pedi ni mpya itabidi urudishe pistoni ndani, fungua kwanza kifuniko cha mafuta ya breki kule kwenye boneti, sukuma taratibu na klempu huku ukichungulia yasifurike, maana yanakula rangi. Ukishafunga kila kitu piga pedeli mpaka iwe ngumu KABLA hujaondoka, mimi nilisahau nikaingia kwenye geti la jirani, bahati lilikuwa la mabati.

Halafu tafuta barabara tupu, nenda spidi 50 punguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia kama mara nane, kisha endesha dakika kadhaa bila kukanyaga breki ili zipoe. Pedi mpya zisipofanyiwa hivi zinaweza kulia na mtu anaanza kulaumu duka.

Nyuma kama ni drami (breki za ngoma, sio disiki) mara nyingi ni vumbi limejaa, vua drami, osha, paka grisi kidogo zile sehemu ambapo shuu (ndo pedi za drami) zinasuguana na bati la nyuma, funga. Ikigoma kutoka angalia kwanza kama umeshusha hendibreki, usianze kuipiga nyundo.