Namna ya Kutambua Tepe za Sinapsi katika Retina na Tezi ya Pineali

Tepe za sinapsi ni miundo midogo ndani ya seli, inayoshikilia vifuko vya kemikali za kupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Mwanafunzi wa Dodoma anayetaka kuziona tepe hizi anaweza kuanza na jicho la mbuzi kutoka machinjioni, mradi retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iingizwe kwenye glutaraldehaidi (kemikali ya kuhifadhi tishu) mara tu mnyama anapochinjwa, kwani tishu hiyo huharibika upesi, na jua la Dodoma halisamehe. Kwa tezi ya pineali, iliyo ndani ya ubongo, andika pia saa ya kuchinja: kwa panya, tepe huongezeka usiku, hivyo sampuli za alfajiri na za adhuhuri zisichanganywe.

Baada ya kutia osmiamu (metali inayofanya sehemu za seli zionekane nyeusi) na kukata vipande vya nanomita 70 hivi, tafuta kwa hadubini ya elektroni mstari mweusi wenye unene wa nanomita 30 hadi 50, uliozungukwa na vifuko vidogo vya duara vilivyojipanga kwa umbali ulio sawa kutoka kwake. Safu hiyo ya vifuko ndiyo ushahidi; mstari mtupu huenda ukawa uchafu wa rangi tu. Usidhani umeona kijiti: katika retina, utepe ni bamba lililokatwa kwa ubavu, ilhali katika seli za nywele za sikio la ndani mara nyingi hufanana na tufe. Katika pineali ya mamalia tepe hukaa kimakundi, na mara nyingi hazielekei neva yoyote.

Hadubini ya elektroni isipopatikana, tumia kingamwili (protini inayojishika kwenye shabaha yake) dhidi ya CtBP2, protini iliyomo kwenye tepe na pia kwenye viini vya seli, pamoja na hadubini ya mwanga wa flurosensi. Viini vya seli navyo vitang'aa, kwa hiyo hesabu nukta zilizo nje ya viini peke yake.