Unataka kutoa ushuhuda kwa tume ya uchunguzi ya UN? Anza hivi

Kwanza ujue unaongea na nani, maana wengi wanachanganya. Tume ya uchunguzi inayoundwa na Baraza la Haki za Binadamu la UN kule Geneva sio mahakama, haikamati mtu, haifungi mtu, na fidia hailipi. Inakusanya habari, inazipima, inaandika ripoti na kusema nani anatakiwa kuwajibishwa. Mtu akisikia hivyo anakata tamaa, sasa nihangaike ya nini?

Angalia Burundi. Tume iliundwa Septemba 2016, serikali ikawakatalia kuingia nchini, ikabidi wawafuate watu huko huko walikokimbilia, wakahoji zaidi ya 500. Ripoti ikatoka Septemba 2017 ikasema kuna sababu za kutosha kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu umefanyika, na ikaiomba ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, ifungue uchunguzi. Majaji wa ICC wakaruhusu tarehe 25 Oktoba 2017, siku mbili tu kabla Burundi haijatoka rasmi kwenye mahakama hiyo. Siku mbili! Na Februari 2025 Baraza hilo hilo likapitisha azimio la kuunda tume ya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, kwa hiyo ndugu zetu wa Goma na Bukavu haya yanawahusu moja kwa moja.

Haya, kabla hujaongea na mtu yeyote chukua daftari uandike. Niliwahi kukaa na mama mmoja mkimbizi tukiandika yake, nikamuuliza tarehe akasema mwanangu tarehe siijui. Tukaenda polepole, akakumbuka ilikuwa siku ya soko, na watoto walikuwa hawajarudi shule baada ya Pasaka, basi hapo wiki tukaipata. Afu akasema "walichukua wanaume wote", nikamuuliza mama, wewe kwa macho yako uliona wangapi? Akanyamaza kidogo, akasema wanne, wengine aliambiwa na jirani. Tuliandika vyote ila tukavitenganisha, niliyoona huku, niliyosikia kule, na hapo ndipo ushuhuda unapopata nguvu kwa sababu wachunguzi watalinganisha maneno yako na ya watu wengine na picha za satelaiti, na ukiongeza chumvi hata kidogo wanaweza kuweka pembeni hata yale ya kweli. Andika pia sare, lugha waliyoongea, gari, nani alikuwa anatoa amri. Hilo la amri watu wanalisahau sana na ndilo linalompeleka mchunguzi hadi kwa wakubwa.

Picha na video usizikate, usiweke maandishi juu, acha faili orijino kama ilivyo. Ukituma whatsapp kwa njia ya kawaida picha inabanwa na taarifa za saa na mahali zinapotea, kwa hiyo tunza nakala mahali pengine nje ya simu, na kama kubaki nayo kwenye simu ni hatari barabarani, itume kwa mtu unayemwamini afu uifute.

Kupeleka, pitia tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya UN, tume ikianza kazi huwa inatoa tangazo na anwani yake, au pitia shirika la haki za binadamu unalolijua. Huduma hii hailipiwi, na wao pia hawakulipi, akitokea mtu anadai hela ya kukuunganisha huyo ni tapeli.

Siku ya mahojiano usione aibu kuuliza. Muulize mchunguzi, jina langu litaandikwa wapi, nani ataliona. Watakuomba ridhaa, na ridhaa ina ngazi: unaweza kukubali maneno yako yatumike kwenye ripoti bila jina, na ukakataa jina lako kupelekwa mahakamani, au ukakubali vyote, ni wewe. Wakikuletea mkalimani ambaye humwamini, labda mnatoka sehemu moja na unaogopa maneno yatarudi nyumbani, sema abadilishwe. Ukichoka au ukianza kulia omba mpumzike, na ukitaka kuacha kabisa unaacha.

Ukimaliza, usiwasimulie watu kambini uliongea na nani wala ulisema nini, hata ndugu. Ukihama au ukibadilisha laini waambie wachunguzi, wasije wakakutafuta wakakukosa. Na ukianza kufuatwafuatwa au kupigiwa simu za ajabu wajulishe siku hiyo hiyo, usingoje kesho.