Kutafuta Makala katika Hifadhidata za Maktaba: Kazi Huanzia kwenye Karatasi

Mwanafunzi anayetafiti ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoshambulia mihogo nchini Tanzania asianze kwa kunakili kichwa cha tasnifu yake na kukibandika katika kisanduku cha kutafutia. Achukue karatasi kwanza, aigawe mada katika dhana zake, yaani zao, ugonjwa na mahali, kisha chini ya kila dhana aandike majina yote ambayo waandishi wengine wameyatumia kwa jambo hilo hilo. Muhogo, kwa mfano, huitwa "cassava" katika makala nyingi za Kiingereza, "manioc" katika zile za Kifaransa zinazotoka Kongo na Burundi, na "Manihot esculenta" kwa jina la kisayansi.

Jina la mahali ndilo hupuuzwa zaidi, na hasara yake ni kubwa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, wakati ambapo nchi iliitwa Tanganyika. Kwa hiyo anayetafuta kwa neno "Tanzania" peke yake hujinyima maandishi ya miongo kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo, usiharakishe kuweka ukomo wa miaka kumi ya karibuni.

Maneno yenye maana moja yaunganishwe kwa OR ndani ya mabano, na dhana tofauti kwa AND, hivi:

(cassava OR manioc OR Manihot) AND "brown streak" AND (Tanzania OR Tanganyika OR Zanzibar)

Alama za mtajo huyaweka maneno mawili pamoja kama yalivyoandikwa. Ukiandika "cassava AND manioc", utapata tu makala zenye maneno yote mawili, ambazo ni chache mno. Viunganishi hivi viandikwe kwa herufi kubwa, kwani PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na biolojia, kwa mfano, huvitambua hivyo tu.

Kwa mada ya kilimo, ingia AGORA, mkusanyiko wa majarida ya kilimo ulio ndani ya Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea makala za kisayansi bure au kwa bei nafuu, kwa nywila ya chuo chako. African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998, isikupite, kwa kuwa hukusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika, ambayo hifadhidata kubwa za ng'ambo mara nyingi huyaacha.

Matokeo yakiwa maelfu, agiza maneno yako yatafutwe katika kichwa na ikisiri tu. Yakiwa machache, ondoa dhana moja, kwa kawaida ile ya mahali. Ukipata makala moja nzuri, soma orodha ya marejeo yake, kisha angalia ni akina nani wameinukuu baadaye. Andika tarehe na fomula uliyotumia, kwa sababu msimamizi wako ataiulizia.

Ukikwama, mpelekee mkutubi karatasi ile ya mwanzo badala ya kumweleza mada kwa mdomo, ili aone ni jina lipi hukuliandika.